Damu ya Kundi O na Bakteria wa Tumboni: Kingamwili Zinatoka Wapi?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba. Mwezi uliopita nilikwenda kuchangia damu, nikaambiwa kuwa kundi langu ni O na kwamba majimaji ya damu yangu yana kingamwili zinazopinga damu ya kundi A na ya kundi B. Sijapata kutiwa damu ya mtu mwengine hata siku moja. Kingamwili hizo nimezipata wapi? Jirani yangu anasema zinatengenezwa na bakteria wa tumboni, na kwamba vipo vidonge vya bakteria vinavyopandisha kingamwili. Mwanangu wa miaka miwili anaumwa mafua mara kwa mara. Je, nimpe?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Suala lako la kwanza ni la zamani katika elimu ya damu. Karl Landsteiner alipoyaeleza makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901, alionyesha kuwa majimaji ya damu ya mtu hugandisha chembe za kundi asilokuwa nalo, hata kama mtu huyo hajaguswa na damu ya mwengine maishani mwake. Jirani yako ameukaribia ukweli, lakini sehemu moja ya maneno yake inahitaji kurekebishwa, na marekebisho hayo ndiyo yatakayotufikisha kwenye suala la vidonge.

Bakteria hawatengenezi kingamwili. Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na chembe nyeupe za mwili wako mwenyewe, zilizomo kwenye uboho wa mifupa, kwenye tezi za limfu, na kwa wingi zaidi kuliko pahala pengine popote, kwenye ukuta wa utumbo. Kazi ya bakteria ni kuzichokoza chembe hizo na kuzifundisha. Katika utumbo mwembamba mna mafungu ya tishu yaliyoelezwa na daktari wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, mwaka 1677, nayo ni kama vituo vya ulinzi: vijipande vya bakteria hupitishwa humo, chembe nyeupe zikavitazama, na zile zinazovitambua zikazaana na kuanza kutoa kingamwili.

Sasa tuje kwenye damu yako. Kinachoitofautisha damu ya A na ya B ni sukari ndogo tu iliyopachikwa juu ya chembe nyekundu. Mwenye O hana hata moja kati ya hizo mbili. Bakteria wengi wa tumboni nao wana sukari zinazofanana nazo kwenye magamba yao. Mwili wa mtu wa kundi A hauwezi kuipiga vita sukari ya A, kwa sababu ni yake mwenyewe, lakini unapokutana na sukari ya B juu ya bakteria huiona ngeni na kuitengenezea kingamwili. Wewe wa kundi O unaziona zote mbili kuwa ngeni, na ndiyo maana una kingamwili za aina zote mbili. Hukuzipata kwa damu ya mtu. Umezipata kutokana na wapangaji uliokaa nao tumboni tangu utotoni.

Jambo hili tunaliona mezani kila siku katika maabara. Tunapopima kundi, tunadondosha damu kwenye kigae cheupe, tunatia tone la dawa ya buluu kwa ajili ya A na tone la manjano kwa ajili ya B. Kisha, kwa kuhakikisha, tunafanya kinyume chake, yaani tunachukua majimaji ya damu ya mtu na kuyachanganya na chembe za A na za B tunazozijua. Kigae kinatikiswa taratibu, huku na huku. Majimaji ya mtu mzima wa kundi O hayachukui muda: ule wekundu uliokuwa laini unavunjika punje punje, kama maziwa yaliyokatika. Ukifanya hivyo hivyo kwa damu ya mtoto aliyezaliwa jana, kwa kawaida wekundu unabaki laini, kwa sababu mtoto bado hajatengeneza kingamwili hizo, na zile chache zinazoweza kuonekana huwa ni za mama yake. Ndiyo maana kipimo hicho cha kinyume hatukitegemei kwa watoto wachanga. Kingamwili zao za A na B huanza kuonekana wakifika miezi mitatu hadi sita, bakteria wanapokuwa wameshajaa tumboni, na huendelea kupanda hadi umri wa skuli.

Ushahidi wa wazi ulitolewa mwaka 1959 na Georg Springer na wenzake nchini Marekani. Walilea vifaranga vya kuku katika vyumba visivyokuwa na kijidudu chochote, wakaona kuwa vifaranga hivyo havikutengeneza kingamwili za kupinga B kama vifaranga vya kawaida; vilipopewa bakteria wenye sukari inayofanana na ya B, kingamwili zikapanda. Miaka 10 baadaye Springer alionyesha kuwa hata kwa binadamu, kula bakteria wa namna hiyo waliokwisha kuuliwa kunaweza kuzipandisha.

Habari haiishii kwenye makundi ya damu. Panya waliolelewa bila ya bakteria yeyote wana kiwango kidogo cha kingamwili za aina ya G na ya A katika damu yao (herufi hizi ni majina ya aina za kingamwili, si makundi ya damu), ilhali zile za aina ya M hubaki karibu na kawaida, na mafungu yale ya Peyer huwa madogo kana kwamba hayajapata kazi. Wakitiwa bakteria wa tumboni, viwango hupanda katika wiki chache. Hata hivyo nisingependa msomaji adhani kuwa kingamwili za damuni na za utumboni ni kitu kimoja. Aina ya A, ambayo mwili hutengeneza gramu kadhaa kila siku, nyingi yake haibaki kwenye damu. Humwagwa kwenye ute wa utumbo, ikawazingira bakteria na kuwazuia wasiuvuke ukuta. Aina ya G ndiyo iliyo nyingi kwenye damu, kiasi cha robo tatu ya kingamwili zote, na nusu yake huisha kwa takriban wiki tatu, kwa hivyo mwili unalazimika kuitengeneza upya daima. Kipimo cha damu, basi, kinakuonyesha sehemu tu ya kazi inayofanyika tumboni.

Na kiwango kikubwa si lazima kiwe afya njema. Kingamwili za aina ya E, kwa mfano, hupanda sana kwa mtu mwenye minyoo, na sisi wa visiwani, khasa Pemba, tunaijua minyoo hiyo vizuri. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, imeifanyia utafiti kwa miaka mingi. Mtoto mwenye kiwango kikubwa cha aina hiyo anahitaji dawa ya minyoo, na hakuna sababu ya kumpongeza kwa kinga. Kingamwili ni mlinzi wa kitu mahsusi. Inayoitambua sukari ya B haimzuilii mtu mafua, na inayoitambua surua haimzuilii kipindupindu.

Hapa ndipo jibu la vidonge linapopatikana. Ni kweli kwamba bakteria wanaomezwa wanaweza kupandisha kingamwili fulani. Mwaka 2009 iliandikwa taarifa kutoka Marekani kuhusu mtu wa kundi A aliyekuwa akitumia vidonge vya bakteria kisha akachangia chembe sahani za damu, yaani zile zinazozuia jeraha lisiendelee kutoka damu, ambazo hutiwa pamoja na majimaji ya damu. Kingamwili zake za kupinga B zilikuwa zimepanda mno, na damu yake ilipotiwa kwa wagonjwa wa kundi B, chembe zao nyekundu zilivunjwa vibaya. Angalia ni kingamwili gani zilizopanda: ni zile zile ambazo hazikuwa na faida yoyote kwake na zikawa hatari kwa mwenziwe. Mtu anayekuuzia kidonge kwa kusema tu "kinapandisha kingamwili" hajakwambia kingamwili ya nini, na bila ya jibu hilo usitoe pesa yako.

Kwa mwanao, mtoto wa umri huo kupata mafua mara sita hata nane kwa mwaka ni jambo la kawaida, maadamu anakula, anacheza na uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki. Linalonitia wasiwasi zaidi kuliko mafua yenyewe ni mazoea ya kununua antibayotiki dukani kila pua inapotoka kamasi. Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haziviui. Zinachokifanya ni kuwafyeka bakteria wa tumboni ambao tumeona wanavyoifundisha kinga. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2019 jaribio ambalo watu wazima walipewa antibayotiki kabla ya chanjo ya mafua makali (influenza), na kwa wale ambao hapo awali walikuwa na kinga ndogo dhidi ya virusi hivyo, kingamwili zilizotokana na chanjo zilikuwa pungufu. Sisemi umnyime mtoto dawa ambayo daktari ameiandika kwa nimonia au kuhara damu. Hiyo mpe kwa kipimo chake mpaka imalizike. Nasema usimwandikie wewe.

Chakula chenye nyuzinyuzi, kama vile kunde, choroko, mchicha, majimbi na matunda, ndicho chakula cha bakteria hao. Mtindi uliotengenezwa kwa usafi hauna ubaya, mpe kama anaupenda, lakini mpe kama chakula. Hakikisha chanjo zake zote zimekamilika na amepewa dawa ya minyoo. Ikiwa amepata nimonia zaidi ya mara moja, masikio yanatoka usaha mara kwa mara, au uzito umesimama, mpeleke hospitali na uombe aonwe na daktari wa watoto, naye akiona haja ataagiza kupimwa kingamwili. Matokeo hayo yasomwe kwa viwango vya umri wake, kwani kiwango cha chini kwa mtu mzima kinaweza kuwa cha kawaida kabisa kwa mtoto wa miaka miwili.

Nawe endelea kuchangia damu. Chembe nyekundu za kundi O ndizo zinazotafutwa wakati wa dharura, na kingamwili zilizomo kwenye majimaji yako wahudumu wanazijua na wana utaratibu wake. Lakini kama na wewe umeshaanza kuvimeza vidonge hivyo, waambie kabla hawajakuchoma sindano.