Rekodi ya Freddie Mercury ya Zanzibar: ipo?

Ndugu, umeuliza pa kupata rekodi za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, alizoimba Unguja kabla ya bendi hiyo. Hakuna inayojulikana. Alizaliwa huko mwaka 1946, akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa na miaka 8. Bendi yake ya shuleni, The Hectics, alikopiga piano, nayo haikuacha kanda yoyote iliyothibitishwa. Familia ilihamia Uingereza mwaka 1964.

Sauti yake ya zamani kabisa iliyotolewa rasmi ni ya 1969: "Rain" ya Beatles, akiwa na bendi ya Ibex kwenye klabu moja ya Liverpool, na "Green", mazoezi ya bendi ya Wreckage. Zote zimo kwenye boksi la diski liitwalo The Solo Collection la mwaka 2000, kwenye diski za nyimbo adimu. Sikiliza "Rain" kwa hedifoni, na usipandishe trebo (sauti nyembamba za juu): unachoongeza ni kelele za kanda tu, kwani sauti yake imezama chini ya gitaa. Hata hivyo, akivuta noti ndefu utamtambua mara moja, na hapo ndipo penye utamu.

Ukiletewa faili lenye jina "Freddie Zanzibar", sikiliza kiitikio. Ukisikia sauti yake mwenyewe imepangwa tabaka tatu au nne kwa wakati mmoja, hiyo ni kazi ya studio ya kurekodi sauti tabaka juu ya tabaka, ya miaka ya 1970 na kuendelea, si ya Zanzibar. Mikwaruzo ya santuri isikudanganye, huongezwa kwa kompyuta dakika moja.