Zenyatta na mbio aliyoshindwa

Mhariri,

Juma lililopita mliwauliza wasomaji iwapo bingwa akumbukwe kwa ushindi wake peke yake. Jibu langu ni la, na shahidi wangu ni Zenyatta, farasi jike wa Marekani aliyekimbia mara 20, akashinda 19 mfululizo, kisha akashindwa mbio yake ya mwisho kwa tofauti ya kichwa tu.

Sisi tunaohudhuria mbio za Jumapili katika uwanja wa Ngong hapa Nairobi tunajua ugumu unaompata farasi aliyeachwa nyuma tangu mwanzo, wenzake wakiwa wamejibana mbele yake bila kuacha upenyo. Zenyatta alizoea kukimbia hivyo hivyo. Mpanda wake, Mike Smith, alimwacha aburure mkia hadi kona ya mwisho, ndipo akamruhusu kufyatuka. Kwa mtindo huo alitwaa Breeders' Cup Classic, mojawapo ya mbio kubwa kabisa za Marekani, mwaka 2009 katika uwanja wa Santa Anita, akiwashinda madume na kuwa farasi jike wa kwanza kuipata.

Wakosoaji husema kwamba alijijengea jina California, kwenye njia zilizotandikwa mchanga wa kutengenezwa. Hoja hiyo ina uzito kiasi, ingawa inasahau kwamba alishinda mara mbili kwenye udongo wa kawaida wa uwanja wa Oaklawn Park, Arkansas.

Hata hivyo, mimi huitazama zaidi jioni ya tarehe 6 Novemba 2010, katika uwanja wa Churchill Downs, alipoikimbia tena Breeders' Cup Classic, nayo ikawa ile mbio yake ya mwisho. Walipopita mbele ya jukwaa kwa mara ya kwanza alikuwa nyuma kabisa, tena mbali na kundi, na yeyote asiyemfahamu angedhani ameumia. Katika sehemu ya mwisho alitafutiwa njia upande wa nje, akaanza kuwapita mmoja baada ya mwingine, hata akabaki farasi dume Blame peke yake mbele yake. Mstari wa kumalizia ungalikuwa hatua chache mbele zaidi, naamini angalimpita naye. Smith alijilaumu hadharani huku akilia.

Watoto wake waliofika uwanjani hawakurithi makali yake, wala sioni kwamba hilo linampunguzia lolote. Waliopiga kura ya Farasi wa Mwaka 2010 walimchagua yeye, si Blame aliyemshinda, na kwa maoni yangu walitenda haki, kwa sababu hakuna ushindi wake wowote uliomdai nguvu nyingi kama mbio ile.

Msomaji wenu, Nairobi