Nimehamia Houston, nyumba iko Sacramento: kodi nalipa wapi?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mwaka 2016 nilinunua nyumba Sacramento, California, kwa dola 310,000, nikaishi humo hadi mwisho wa Juni 2023 nilipopata kazi ya uuguzi Houston, Texas. Tangu hapo nyumba ina mpangaji. Miaka miwili ya kupangisha imetimia, na mtu anataka kuinunua kwa dola 470,000. Jirani anasema Texas hakuna kodi ya mapato, nisihangaike. Kweli? Sijaolewa.
Muuguzi, Houston

JIBU: Dada, jirani kasema nusu. Texas kweli haitozi, ila nyumba haikuhama nawe. Faida ya nyumba inadaiwa na jimbo ilipo nyumba, kwa hiyo California bado inakutambua, na serikali kuu ya Marekani nayo ipo palepale.

Kinachokuokoa ni msamaha wa serikali kuu uliopo tangu 1997: asiye na mwenzi husamehewa faida hadi dola 250,000 (wanandoa wanaojaza pamoja, 500,000), mradi nyumba iwe yake na awe ameishi humo jumla ya miaka 2 katika ile 5 kabla ya kuuza. California inaufuata. Kwako, uliyehama mwisho wa Juni 2023, mlango unafungwa mwisho wa Juni 2026, na inayohesabiwa ni siku umiliki unapohama, si siku mliyopatana bei. Nimeona mkopo wa mnunuzi ukicheleweshwa na benki wiki sita nzima, kwa hiyo usisubiri Mei.

Sasa hesabu. Toa kwenye bei ada za dalali na gharama nyingine za kuuza, tuseme 26,000. Toa 310,000 ulizonunulia, na 18,000 za paa jipya kama uliliweka na risiti unazo. (Mimi nilitupa risiti za jiko langu la zamani, sitaki kulizungumzia.) Inabaki faida ya 116,000, yote ndani ya msamaha.

Kinachowakamata wengi ni uchakavu. Ukipangisha, gharama ya jengo bila kiwanja hugawanywa kwa miaka 27.5 na sehemu hiyo hupunguzwa kwenye mapato ya kodi ya pango. Jengo likiwa la 220,000, ni 8,000 kwa mwaka. Miaka miwili, 16,000. Kiasi hicho hakisamehewi. Serikali kuu hutoza hadi asilimia 25, yaani isiyozidi 4,000, na California inaongeza yake. Na hata kama hukuwahi kudai punguzo hilo, wanakuhesabia kana kwamba ulidai! Kama hukudai, mwone mhasibu kabla ya kuuza, kwa sababu inarekebishika.

Jambo la mwisho ni fomu 593, ile ya California ya kodi inayokatwa nyumba inapouzwa. Usipoijaza, California hukata asilimia 3⅓ ya bei yenyewe, si ya faida: kwako dola 15,667, utakazozidai mwakani kwa fomu 540NR, ya kodi ya wasioishi California. Nyumba yako bado inahesabika makazi makuu kwa sheria ile ile ya miaka 2 katika 5, hivyo weka alama kwenye kisanduku cha makazi makuu na uikabidhi fomu hiyo kwa wakala wa malipo, anayeshika fedha za mauzo, kabla ya siku ya kufunga mauzo.