Kovu la moto: ni urembo au tiba?

SWALI: Binti yangu wa miaka 6 aliungua kwa uji. Kidonda kimepona lakini kiwiko hakinyooki. Bima imekataa kulipia upasuaji, eti ni urembo. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, mama. Huo si urembo. Kovu la moto husinyaa. Mifupa ya mtoto hurefuka, kovu halifuati, mkono unazidi kujikunja. Daktari hulikata kovu, hunyoosha kiungo, kisha huziba pengo, mara nyingi kwa ngozi iliyotolewa pajani.

Bima nyingi hulipia upasuaji unaorudisha kazi ya kiungo. Tatizo mara nyingi ni fomu: ikiandikwa "kurekebisha kovu" tu, hukataliwa. Kata rufaa kwa barua ya daktari bingwa inayotaja kiwiko kinanyooka hadi nyuzi ngapi (kipimo cha pembe) na kazi zinazomshinda mtoto, pamoja na picha. Pata kibali cha maandishi kabla ya upasuaji.

Uliza pia kama banzi (kifaa kinachoushika mkono unyooke baada ya upasuaji) na fiziotherapia (mazoezi ya viungo) vinalipiwa. Usilipuuze hili: ngozi iliyopandikizwa nayo husinyaa, na banzi likiachwa mapema mkono hujikunja tena.