Jibu: Kuhamisha oda za WooCommerce kwenda QuickBooks kwa skripti

Mkuu, umeuliza kama skripti (programu ndogo inayofanya kazi yenyewe) inaweza kukuondolea kazi ya kunakili oda za asali kutoka WooCommerce, programu ya duka lako la mtandaoni, kwenda QuickBooks Online, programu ya hesabu, kila jioni. Inaweza kabisa. Kinachoumiza wengi ni oda kuingia mara mbili. Mtandao ukikatika hapo Tabora katikati ya kutuma, skripti inajaribu tena, na ndoo moja ya asali inageuka mauzo mawili. Kwa hiyo namba ya oda iwe ndiyo namba ya risiti, na kabla ya kutuma, skripti iulize QuickBooks kama namba hiyo ipo tayari.

Makato nayo uyatazame sana. Tuseme mteja kalipa 60,000, kampuni ya malipo ikakata 1,800. Ingiza 60,000 yote kama mauzo, na 1,800 kama gharama. Ukiandika 58,200 iliyofika benki, mauzo yako yanaonekana pungufu, na TRA (mamlaka ya mapato) watakuuliza.

Tokeni ya QuickBooks, yaani kibali cha muda kinachoiruhusu skripti kuingia, huisha baada ya saa moja, skripti iihuishe yenyewe. Ukikwama, bandika hapa ujumbe wa kosa, ila funguo zako za siri zifute kwanza.