Vikazi vya dakika mbili vilivyonilia mapitio yangu

Mmeuliza wiki hii: "Ukiwa kwenye mapitio yako ya wiki ukakutana na kikazi cha dakika mbili, unakimaliza palepale au unakiweka pembeni?" Mi nakiweka pembeni. Ila sikuanzia hapo, nimefika hapo baada ya kuharibu mapitio mengi tu kwa hivohivo vikazi.

Mapitio yangu nafanya Ijumaa jioni, kwa muda wa saa moja hivi, napita kwenye imeili ambazo sijajibu, daftari, skrinishoti nilizopiga nikijidanganya ntaziangalia baadae, kalenda ya wiki iliyoisha na ya wiki inayokuja, alafu listi ya mambo yote yanayoendelea. Na mwanzoni nilikuwa naifuata ile sheria ya dakika mbili kama msahafu. Kwa asiyeijua, inatoka kwa Mmarekani David Allen, kwenye kitabu chake cha mwaka 2001, Getting Things Done, anasema kitu kikiwa cha chini ya dakika mbili kifanye hapohapo, maana kukiandika na kuanza kukifuatilia ni kazi kubwa kuliko kukifanya. Hiyo hesabu sina ugomvi nayo. Ni sahihi kabisa kwa kikazi kimoja. Sasa kwenye mapitio vikazi haviji kimoja, vinakuja kama kumbikumbi, 20 mara dakika mbili tayari ni dakika 40, na hapo tumekubali kwamba kweli ni mbili, wakati wote tunajua dakika mbili zetu huwa zina dakika saba ndani yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ndo ile saa yangu moja.

Kuna Ijumaa moja siisahau. Niliona kwenye daftari nimeandika "badilisha jina la faili", nikasema aah hii sekunde tu, nikafungua folda nikakuta mafaili mengine nayo yana majina ya hovyohovyo nikaona si niyanyooshe yote, katikati folda moja ikadai pasiwedi ambayo siikumbuki, nikaenda kuitafuta kwenye meseji za zamani, huko nikakutana na meseji ya mtu sijamjibu nikamjibu, na yeye kumbe yuko onlaini akarudisha palepale, basi tukapiga stori. Saa ikaisha. Nilijiona mchapakazi balaa, mafaili 14 yamekaa kwenye mstari. Jumatatu ndo nikagundua kuna ripoti ya kukabidhi Jumatano, imeandikwa vizuri tu kwenye ile listi ya mambo yanayoendelea, ukurasa ambao Ijumaa sikuufikia.

Baada ya hapo nikaanza kujichunguza, na ukweli ni kwamba haikuwa bahati mbaya. Kikazi kidogo kina raha yake, unafanya, unatiki, unasikia umefanya kitu. Ile listi kubwa haina raha hiyo, inakuuliza maswali: hili bado unalitaka? Mbona halijasogea? Nani unamsubiri? Kwa hiyo mikono ikiona pa kukimbilia inakimbia, na visingizio vyake ni vizuri maana kweli unafanya kazi, hakuna atakayekwambia unazembea.

Kuna wanaosema nisipokifanya sasa kitanikaa kichwani. Hata mi nilikuwa nasema hivo. Lakini kuna utafiti wa 2011 wa wanasaikolojia wawili, Masicampo na Baumeister, walioonyesha kwamba jambo ambalo hujalimaliza likishapangiwa mpango unaoeleweka, linaacha kukuingilia mawazoni ukiwa unafanya kitu kingine. Tena bila kulimaliza! Kulipangia tu. Kwangu imefanya kazi, ilimradi niandike kwa kueleweka, nikiandika "fomu" peke yake kichwa hakitulii, nikiandika "saini fomu, piga picha, tuma" kinatulia.

Kwa hiyo sasa hivi niko na karatasi moja pembeni, karatasi ya kweli, sio simu, maana simu ndo mtego wenyewe. Kila kikazi kinachochomoza nakiandika pale nasonga mbele. Mapitio yakiisha nanyoosha mgongo, naweka taima dakika 25 navishukia, vya simu pamoja, vya kompyuta pamoja, ili nisiwe naruka huku na huku. Taima ikilia naacha, vilivyobaki vinaingia kwenye listi ya kawaida kama kazi nyingine yoyote. Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba kuna vikazi vinakufa vyenyewe pale kwenye karatasi, yaani nusu saa imepita tu unakiangalia unajiuliza hiki nilikuwa nakitakia nini.

Sio kwamba nimekuwa mgumu kiasi hicho. Mtu akiwa amekwama ananisubiri mimi niseme ndio au hapana namjibu hata katikati ya mapitio, mstari mmoja, nafunga. Na vitu vya kufuta nafuta, hivo havihesabiki. Alafu tumtendee haki Allen, ile sheria yake ameiweka kwenye hatua ya kuchambua vitu vilivyoingia, unaokota kimoja unaamua ni nini, cha haraka unamalizana nacho. Ukiwa unasafisha imeili kila siku asubuhi ni sheria tamu sana na mi bado naitumia. Ni sisi tuliobeba tukaipeleka kila mahali.

Sasa kilichonifanya niandike hili jibu refu hivi ni kingine kabisa. Karatasi zangu huwa sizitupi, nazibana pamoja, siku moja nikazipitia nikaona kuna vikazi vinarudi. Kimoja kilikuwepo Ijumaa nne mfululizo: "mwandikie kwamba siendelei na ile kazi." Kuna mtu nilimkubalia kumsaidia kazi fulani na nilishajua siiwezi. Meseji yenyewe ni sentensi mbili. Dakika mbili za vidole, ila moyo ulikuwa unahitaji mwezi. Na kila Ijumaa nilikuwa nakipita nikisema hiki kidogo, ntakimaliza wakati wowote, na huo udogo ndo uliokuwa unakificha, kingekuwa kimeandikwa kama jambo kubwa ningeshakaa nacho nikaamua.

Tangu hapo kikazi kikitokea mara ya tatu nakivua cheo cha udogo. Nakiuliza kuna nini humu. Mara nyingi kuna uamuzi sijafanya, au mtu namuogopa, au kuna kitu sina nilichodhani ninacho, mfano namba, risiti, ruhusa ya mtu. Kinapewa siku yake kwenye kalenda na nusu saa nzima, hata kama kufanya ni dakika mbili, zile 28 zingine ni za kukaa na ule uoga. Yule mtu nilimwandikia hivohivo, nusu saa nikaandika nikafuta nikaandika, akanijibu "sawa" basi.

Sijui kama hii itamfaa mtu ambaye kazi yake yote ni vikazi, wale wa kupokea simu za wateja au wanaolea watoto wadogo, nadhani wao kusubiri taima ya dakika 25 wataniona natania, na ningependa kusoma wanavyofanya wao.

Mi karatasi ya leo ina vikazi 11. Kile cha pasiwedi ya ile folda kipo tena, Ijumaa ya tatu hii.