Miksa ndogo ya nyumbani: hesabu matundu kabla ya kuhesabu pesa

Ukiomba miksa ndogo ya sauti (kifaa cha kuchanganya sauti za maiki na vyombo) dukani, iwe Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, utaulizwa, "Ya chaneli ngapi?" yaani njia ngapi za kuingizia sauti. Usijibu kwanza. Namba hiyo ndiyo inayowarudisha watu nyumbani na miksa ya chaneli 8, kisha wakagundua kuwa maiki zinazoingia ni 2 tu. Watengenezaji huhesabu kila upande: chaneli moja ya stereo kwao ni mbili, kushoto na kulia. Yamaha MG06 inaitwa ya chaneli 6, lakini ukiihesabu utakuta matundu 2 ya maiki na jozi 2 za stereo za kinanda, simu au redio. Behringer Xenyx 802 nayo inapokea maiki 2. Yamaha MG10XU, pamoja na hiyo 10 ya kwenye jina, inapokea maiki 4. Hakuna aliyedanganya hapo, ila mwenye waimbaji watatu na gitaa aliyenunua ya maiki 2 amekwama.

Chukua karatasi. Upande mmoja andika vitakavyoingia kwa wakati mmoja: maiki ngapi, kinanda (matundu 2, au 1 kama mono inakutosha), simu ya kupigia biti (2), gitaa (1). Upande wa pili andika sauti inakokwenda: spika, hedifoni, kompyuta, simu ya kurusha mtandaoni. Ongeza tundu moja la maiki la akiba, basi. Kwa nyumbani maiki 2 hadi 4 zinatosha, na kuzidi hapo ni kulipia nobu zitakazokula vumbi.

Kama uko peke yako na maiki moja, unarekodi kwenye kompyuta, miksa ya nini? Nunua kadi ya sauti ya nje (kisanduku cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) yenye tundu 1 au 2. Kwa pesa ileile utapata sauti safi zaidi. Miksa ni ya mwenye vyanzo kadhaa kwa pamoja: mazoezi ya kwaya sebuleni, ibada ya nyumba kwa nyumba, mahojiano ya watu wawili.

Tundu la maiki na tundu linalojifanya la maiki

Tundu la maiki la kweli ni kenoni, lile la duara lenye matobo 3, na juu yake lina nobu yake ya geini, ya kukuza sauti inayoingia. Maiki hutoa umeme wa milivolti chache tu, wakati simu au kinanda hukaribia nusu volti hadi volti moja. Tofauti hiyo ni ya mara mia na zaidi, na geini ndiyo inayoiziba. Miksa yenye tundu la jeki lililoandikwa "MIC" bila geini yake itakulazimisha kufungua sauti kuu hadi mwisho, na utakachosikia ni mvumo zaidi ya mwimbaji.

Maiki za kondensa, zile nyepesi kusikia, huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa kupitia waya uleule wa kenoni. Kwa mwimbaji anayeshika maiki mkononi umeme huo hauhitajiki. Lakini ukitaka kurekodi ligombo la Kihehe (chombo cha nyuzi), au gitaa lisilo na pikapu (kinasa sauti cha gitaa), maiki ya kondensa husikia mguso wa vidole ambao maiki ya kawaida huukosa. Usiridhike na maandishi ya "+48V" tu. Ziko miksa za bei ya chini zinazotoa volti 15 au pungufu huku zimeandikwa 48.

Gitaa la umeme lina shida yake. Pikapu isiyo na betri haipendi tundu la kawaida la laini, kwa sababu ukinzani wa tundu hilo ni mdogo, kama kiloomu 10 hadi 20, nalo hula trebo (sauti za juu) yote. Gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Tafuta tundu lenye swichi ya "Hi-Z", au nunua kisanduku cha DI, kinachoifanya sauti ya gitaa iendane na tundu la maiki. Gitaa lenye betri ndani halina tatizo hili.

USB mbili zisizofanana

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mnunuzi anauliza, "Ina USB?" Muuzaji anajibu, "Ina USB, ina Bluetooth." Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja akiwa na USB yake kichwani.

Tundu la USB bapa, lile la kuchomekea fleshi, ni la kupigia nyimbo. Lina kioo kidogo na vitufe vya kusonga mbele na nyuma, na baadhi hurekodi kwenye fleshi hiyohiyo kwa MP3 isiyo na ubora. Ukilichomeka kwenye kompyuta, kwa kawaida kompyuta haioni kitu. Tundu la mraba, kama la printa (au tundu dogo la Type-C kwenye baadhi ya miksa mpya), ndilo linalopeleka sauti kwenye kompyuta. Unayetaka kurekodi au kurusha mtandaoni, tafuta hilo. Behringer Q802USB na Yamaha MG10XU zinalo. MG06 haina USB ya aina yoyote, ingawa ni miksa nzuri.

Hata tundu la mraba, kwenye miksa za bei hii, hupeleka mchanganyiko uliokamilika tu, kushoto na kulia. Ukirekodi waimbaji wanne huwezi kesho kumpunguza mmoja. Na eko ikiwa imo imekwisha kurekodiwa, haitoki. Rekodi bila eko, uiongeze baadaye kwenye programu. Kwa hiyo tangazo la "eko 99", yaani aina 99 za eko, lisikupandishie bei, maana utatumia mbili.

Kosa linalofuata: sauti inajirudia mara nyingi, inakua, kisha inalia. Kompyuta inapokea sauti ya miksa na kuirudisha kwenye miksa, nayo miksa inaipeleka tena. Zima usikilizaji wa moja kwa moja kwenye programu ya kurekodia, au shusha nobu ya kurudishia USB. Hakuna kilichoharibika.

Mwimbaji aliyepotea

Kosa hili huwachanganya hata mafundi mitambo wenye uzoefu wa kanisani. Unachomeka simu kwenye miksa kwa waya mmoja: pini ndogo ya stereo upande huu, jeki kubwa ya stereo upande wa pili, kwenye tundu la chaneli ya mono. Wimbo unatoka, ngoma zinasikika kwa mbali, mwimbaji hayupo. Watu hulaumu simu, hulaumu wimbo, hubadilisha miksa.

Ukweli ni kwamba tundu hilo ni la balansi. Kazi yake ni kutoa tofauti kati ya ncha ya jeki na pete yake. Ukilipatia kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete, linatoa kulia kutoka kushoto, na chochote kilicho sawa pande zote kinajifuta. Mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo ndiye anayefutika. Dawa ni waya wenye pini ndogo ya stereo upande wa simu na jeki 2 za mono upande wa miksa, ukichomeka kwenye jozi ya stereo. Ununue siku ileile unaponunua miksa.

Kuijaribu kabla ya kuilipia

Nenda dukani na maiki yako na waya wake wa kenoni, hedifoni yenye adapta ya jeki kubwa, simu, na mita ya umeme ya fundi. Kwanza igeuze miksa usome chini. Hapa kwetu Tanzania umeme ni volti 230, hezi 50. Miksa iliyotumika kutoka Marekani inaweza kuja na adapta ya volti 120 tu, na hiyo itaungua mara utakapoichomeka. Angalia pia kama inataka AC au DC: alama ya wimbi dogo ni AC, mstari wenye vidoti chini ni DC. Miksa ndogo nyingi hutumia adapta inayotoa AC, baadhi kwa pini 3, na adapta ya redio au ya kompyuta haiwezi kushika nafasi yake. Miksa isiyo na adapta yake ya asili ipunguziwe bei sana, au iachwe.

Washa, vaa hedifoni, chomeka maiki. Alama ya nobu ya sauti kuu ielekee juu, kama mshale kwenye 12 ya saa ya ukutani, na geini uipandishe taratibu hadi ielekee kulia, kama mshale kwenye 3. Mvumo mwepesi ni wa kawaida. Ukisikia kama mvua ya Tukuyu juu ya mabati, mrudishie muuzaji. Zungusha kila nobu polepole; inayokwaruza ina vumbi au imechakaa. Tikisa kidogo kila jeki ikiwa imechomekwa: sauti ikikatika, lehemu ya ndani imepasuka.

Kisha pima zile volti 48. Chomoa maiki, acha waya kwenye miksa, washa swichi ya "+48V", weka mita kwenye DC volti 200. Kwenye mwisho wa waya wa upande wa maiki matobo yana namba. Ncha nyeusi kwenye 1, nyekundu kwenye 2, soma. Halafu nyekundu kwenye 3, soma tena. Namba zote mbili ziwe kati ya 44 na 52. Zikipishana sana, au zikisoma 15, miksa hiyo si ya kondensa.

Jina kubwa lililochapwa usoni halithibitishi chochote. Nakala ni nyingi, na jina la kampuni maarufu likikaa juu ya kioo cha Bluetooth, taa za rangi na bei ya kushangaza, tafuta modeli hiyo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe ukiwa bado umesimama dukani. Isipokuwapo, unachokinunua ni nakala. Si lazima iwe mbaya kwa kupigia muziki wa sherehe, lakini usiilipie bei ya jina.

Kuhusu bajeti, katika kila shilingi 10 weka 5 kwenye miksa, 3 kwenye maiki, 2 kwenye waya na stendi. Wanaoweka 9 kwenye miksa huishia kulaumu miksa kwa makosa ya waya.

Siku ya kwanza

Washa miksa kwanza, spika mwisho. Wakati wa kuzima, spika kwanza. Ukikosea utaratibu utasikia mshindo unaoumiza spika. Weka ikwalaiza (nobu za bezi na trebo) yote katikati, sauti ya chaneli na sauti kuu kwenye alama ya 0 au "U". Mwimbaji aimbe kwa nguvu atakayoitumia kweli, si ile ya "moja, mbili, jaribio". Pandisha geini hadi taa zicheze karibu na 0, na taa nyekundu isiwake hata kwenye kilele. Baada ya hapo geini usiiguse. Punguza na ongeza kwa sauti ya chaneli. Swichi ya kukata bezi, ya hezi 75 hadi 100, iwashe kwa kila maiki ya sauti ya mtu.

Kukiwa na mvumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukinyamaza, ni mzunguko wa ethi, yaani vifaa vimeungana ethi kwa njia zaidi ya moja. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, na tumia waya wa balansi kwenda kwenye spika. Usikate pini ya ethi. Ile ndiyo inayokulinda wewe, si muziki.

Kwa anayetumia sola: inveta za bei ya chini zisizotoa wimbi laini hufanya miksa inung'unike, na hakuna nobu ya kuondoa hilo. Miksa inayotumia USB ya volti 5 hupona kwa pawabenki, ila baadhi ya pawabenki hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo. Jaribu nusu saa kabla ya kurusha kipindi. Msimu wa radi, Novemba hadi Aprili, usizime swichi tu. Chomoa kabisa, na umeme ukirudi subiri dakika chache.

Kama miksa inatoka Kariakoo kwa basi, njia ya zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, adapta ifungwe kwenye boksi lake. Ikikaa juu ya miksa, uzito wake huvunja nobu njiani. Kwa sababu ya vumbi la kiangazi tunapendelea nobu za kuzungusha kuliko za kusukuma, ambazo mifereji yake iko wazi. Kwa vyovyote funika kwa khanga. Na kwa aliyeko Njombe au Makete, Juni na Julai, boksi lililolala kwenye buti la basi usilifungue mara tu unapoingia chumba chenye joto la jiko. Unyevu utagandamana ndani ya miksa. Liache limefungwa saa moja au mbili, ndipo uchomeke.